Mbwa Anapoburuta Miguu ya Nyuma

Popote ulipo, jikoni ukichemsha chai ya watoto, shambani, kibandani sokoni au ndani ya matatu, naomba unitegee sikio kwa dakika chache. Leo tutazungumza juu ya mgongo. Lakini si mgongo wako, mama, ingawa najua nao unauma. Tutazungumza juu ya mgongo wa mbwa na paka wanaoishi nyumbani kwako.

Huenda unajiuliza, tangu lini kipindi cha akina mama kikaingilia habari za mbwa? Swali zuri. Jibu ni hili: mbwa akiugua pale nyumbani, anayemkimbilia kwanza ni mtoto. Mtoto ndiye humkumbatia, humlisha, humbeba. Kwa hivyo ugonjwa wa mbwa ni jambo la mama, apende asipende.

Nitaanza na kisa kilichotokea kijijini kwetu. Mama mmoja jirani alikuwa na mbwa mchanga wa miezi minane, jina lake Simba. Asubuhi moja Simba aliamka akiyumba kama mlevi. Kufikia jioni alikuwa anaburuta miguu ya nyuma. Wengine walisema amegongwa na bodaboda. Wengine wakasema ameruka ukuta akateguka mgongo. Hakuna aliyeona bodaboda, wala aliyemwona akiruka. Lakini maneno yalishasemwa, nayo yakawa ukweli.

Basi akaitwa mzee mmoja anayejulikana kwa kukanda watu walioteguka. Mzee akasema mgongo umetoka mahali pake, lazima urudishwe. Watoto watatu wakaambiwa wamshike Simba, mmoja kichwa, mwingine miguu, wa tatu ampe maziwa kwa kijiko. Mate yalikuwa yakimdondoka Simba, nao wakadhani ni uchungu. Mzee alipoanza kuvuta, Simba alimng'ata kidole. Kisa hiki tutakimalizia baadaye. Kwanza tujifunze.

MGONGO WA MBWA UMEJENGWAJE?

Uti wa mgongo ni mlolongo wa mifupa midogo inayoitwa pingili. Mbwa ana pingili 7 za shingo, sawa na wewe. Kifuani ana 13, kiunoni 7, na 3 zilizoungana kwenye nyonga, kisha zinafuata za mkia. Paka ni vivyo hivyo. Katikati ya pingili kuna visahani laini vya gegedu, vinavyofanya kazi kama mito ili mfupa usisage mfupa. Ndani ya mifupa hiyo mnapita uboho wa mgongo, kamba laini ya fahamu inayopeleka habari kutoka ubongoni hadi miguuni. Kamba hiyo ikibanwa au ikikatika, miguu haipati amri. Ndiyo maana mnyama anaweza kuwa na miguu mizima isiyo na jeraha, lakini asiweze kusimama.

MGONGO KUTEGUKA MAANA YAKE NINI?

Watu wengi wakiona mbwa anaburuta miguu husema mgongo umeteguka. Wakati mwingine ni kweli. Mbwa akigongwa na gari au akipigwa rungu, pingili inaweza kuvunjika au kusogea. Jambo hili huonekana kwenye picha ya eksirei. Sasa sikiliza vizuri, mama: pingili iliyosogea kwa ajali hairudishwi kwa kuvutwa. Kuvuta na kupinda kunaweza kukata ule uboho uliokuwa umebanwa tu, na mbwa aliyekuwa na matumaini ya kutembea akapooza daima.

Wakati mwingine pingili ziko sawa kabisa, ila kisahani cha gegedu kimepasuka na kubana uboho. Hali hii huwapata sana mbwa wenye miili mirefu na miguu mifupi, kama wale wanaoitwa Dachshund, mara nyingi wakiwa na miaka 3 hadi 7. Mbwa hulia ukimgusa mgongo, hukataa kupanda ngazi, hujikunja kama paka aliyekasirika, kisha miguu hulegea.

Ukiwa na German Shepherd mzee, shida inaweza kuwa nyonga zilizolika, ambazo humuuma anapoinuka. Au inaweza kuwa ugonjwa unaokula uboho polepole kwa miezi mingi bila uchungu. Kwa jicho la kawaida shida hizi mbili hufanana. Kwa daktari ni tofauti kabisa.

JE, KAIROPRAKTIKI NI NINI?

Siku hizi, hasa mijini, utasikia watu wakitaja kairopraktiki ya wanyama. Kairopraktiki ni utabibu wa mikono, ambapo mtaalamu husukuma viungo vya mgongo kwa namna maalumu. Ulianza Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895. Aliyeuanzisha aliitwa Daniel David Palmer. Yeye aliamini kwamba magonjwa mengi hutokana na pingili kutokaa sawa. Sayansi ya leo haikubaliani naye katika hilo. Mwaka 1989 chama cha wanaotumia utabibu huu kwa wanyama kiliundwa hukohuko Marekani, na leo baadhi ya madaktari wa mifugo katika nchi za nje huwatumia farasi na mbwa utabibu huo.

Je, unasaidia? Nitakuambia bila kuficha. Wapo wenye wanyama wanaosema mbwa wao mwenye mgongo mkavu alipata nafuu baada ya kusukumwa taratibu. Lakini utafiti kwa wanyama ni mchache, na haujathibitisha kwamba utabibu huu unaponya uboho uliobanwa au kuondoa ugonjwa wowote. Tena wataalamu waangalifu wa kazi hiyo hawamgusi mnyama kabla daktari wa mifugo hajampima na kujua shida ni nini. Mbwa aliyevunjika, aliyepasuka kisahani, mwenye homa au anayeyumba hafai kusukumwa mgongo na mtu yeyote.

Kwa hivyo, mama, mtu akipita mtaani akisema ananyoosha migongo ya mbwa, mwulize maswali mawili: Je, amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya? Na je, anajua kinachomuuma mbwa huyu, au anakisia? Akibabaika, mwambie asante, aende zake.

SI KILA KUBURUTA MIGUU NI MGONGO

Hapa ndipo penye hatari. Yapo magonjwa mengi yanayoilegeza miguu ya nyuma huku mgongo ukiwa mzima. Kupe huleta magonjwa ya damu yanayomfanya mbwa adhoofike hadi ashindwe kuinuka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ikichanganywa kali mno, humtetemesha mbwa na kumlegeza. Distempa, ugonjwa wa mbwa wachanga wasiochanjwa, huanza na makamasi na kuhara, kisha hufuata mitukutiko na kupooza. Kwa paka, damu iliyoganda inaweza kuziba mshipa unaopeleka damu miguu ya nyuma. Paka hulia kwa uchungu ghafla, na ukigusa miguu unaikuta baridi. Hapo hata ukimkanda kutwa, humsaidii.

Na kuna moja kubwa kuliko yote: kichaa cha mbwa.

Wengi wetu tunajua kichaa cha mbwa kwa sura moja tu, yaani mbwa mkali anayekimbia barabarani akiuma kila kitu. Lakini kuna sura ya pili, ya kimya. Mbwa hanguruma, wala hakimbizi mtu. Hupooza. Miguu ya nyuma hulegea, taya hushuka, mate humdondoka, sauti hubadilika, na hushindwa kumeza. Mwenye nyumba hudhani amekwamwa na mfupa kooni, akatia mkono mdomoni kumsaidia. Au hudhani ameteguka mgongo, akaita mkandaji. Virusi vya ugonjwa huu vimo katika mate. Huingia kwa kuumwa, kwa kuparuzwa, au kwa kulambwa mahali penye kidonda, machoni na mdomoni.

Dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mara ni kifo. Hakuna tiba. Ulimwenguni, karibu vifo vyote vya kichaa cha mbwa kwa watu hutokana na mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata hivyo usikate tamaa, kwa sababu kabla ya dalili kutokea kinga ipo, tena ni ya uhakika ikitolewa mapema. Mwaka 1885, mvulana wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliumwa vibaya na mbwa. Mama yake hakukaa akilia. Alimchukua hadi Paris kwa Louis Pasteur, na siku mbili baada ya kuumwa mtoto akaanza kudungwa chanjo. Hakuugua. Aliishi hadi mwaka 1940. Mama aliyeondoka mapema ndiye aliyeokoa mtoto wake.

UFANYE NINI MBWA AKIANZA KUYUMBA?

Kwanza, waondoe watoto. Usiwaache wamshike, wamlishe wala wamfute mate, hata kama ni mbwa mpole aliyelelewa nao.

Pili, jiulize maswali matatu. Je, mbwa huyu amechanjwa kichaa cha mbwa, na cheti kiko wapi? Je, kuna aliyeona ajali kwa macho yake mwenyewe? Je, tabia yake imebadilika siku hizi chache, kwa mfano kujificha, kukataa chakula, kubweka kwa sauti ngeni au kutokwa na mate? Kama hajachanjwa, au tabia imebadilika, mfungie mahali alipo, funga lango, na umwite daktari wa mifugo wa kaunti au wa karibu nawe. Usimguse. Kumbuka pia kwamba hata mbwa aliyegongwa na gari kweli anaweza kuwa aligongwa kwa sababu alikuwa mgonjwa tayari na hajui aendako.

Tatu, kama mbwa amechanjwa, ajali imeonekana wazi na tabia yake ni ileile, msogeze kwa uangalifu. Usimwinue kwa makwapa wala kumkunja. Mtelezeshe polepole juu ya ubao, mlango wa zamani au gunia lililovutwa likakaza kama machela, mgongo ukiwa umenyooka. Mbwa mwenye uchungu huuma hata bwana wake, kwa hivyo mfunge mdomo kwa kitambaa, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Mpeleke siku hiyohiyo. Kama hana hisia kabisa miguuni, kila saa inayopita inapunguza uwezekano wake wa kupona.

Nne, usimpe dawa za binadamu. Akina mama, hili tunalikosea sana. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, kwa sababu mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo. Ibuprofeni na diklofenaki humchoma mbwa tumbo na kuharibu mafigo. Dawa za maumivu za wanyama zipo. Daktari atakupa inayomfaa na kipimo chake.

AKIUMWA AU KULAMBWA MTU

Usingoje kujua kama mbwa alikuwa na kichaa au la. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri, kwa hivyo tazama saa. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majani wala kahawa. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Eleza jeraha lilivyotokea, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Utadungwa chanjo, na kama jeraha limetoa damu unaweza pia kuhitaji dawa nyingine ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa kwa siku tofauti. Usikatize katikati kwa sababu jeraha limepona. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi 2 au 3, wakati kidonda kimeshasahaulika.

Akina mama wajawazito na wanaonyonyesha huniuliza kama chanjo hii inawafaa. Ndiyo, inawafaa. Mtoto mdogo pia hudungwa.

Na mbwa je? Kama ni mzima, asiuawe. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiugua au akifa katika siku hizo, mjulishe daktari wa mifugo mara moja. Usimzike wala kumtupa kabla hajaja, kwa maana kichwa chake ndicho hupimwa maabara.

KUMTUNZA MWENYE SHIDA YA MGONGO

Sasa tuseme daktari amempima, akasema kweli ni mgongo, si kichaa. Mara nyingi, kama hali si mbaya, dawa kubwa itakuwa kupumzika. Mbwa hufungiwa mahali padogo kwa wiki 4 hadi 6, asiruke, asipande ngazi, atolewe tu kwa kamba kwenda haja. Watoto watamwonea huruma na kutaka kumfungulia akionekana ana nafuu. Wakatalie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lenyewe ni la mbwa.

Asiyeweza kusimama alalie matandiko makavu na laini, ageuzwe kila baada ya saa chache ili asipate vidonda. Angalia kama anakojoa. Mkojo ukikaa kibofuni siku nzima ni hatari, na daktari atakuonyesha jinsi ya kumsaidia. Vaa glavu, au nawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza. Usimlishe akanenepa, kwa sababu kila kilo ya ziada inaulemea mgongo ule ule mgonjwa. Kunyooshwa viungo taratibu husaidia, lakini kwa mafunzo ya daktari, si kwa kukisia.

KINGA

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya tangu mwaka 1912, na hadi leo kinaendelea kuua watu ambao hawakustahili kufa. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivi kufikia mwaka 2030. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Mmoja wa hao 70 ni wako. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Wakati wa kampeni za kaunti, hasa karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, chanjo mara nyingi hutolewa bure. Sikiliza matangazo ya chifu. Paka naye achanjwe.

Mwisho, tusipige mbwa kwa rungu wala kuwarushia mawe. Migongo mingi inayovunjika mitaani huvunjwa na sisi wenyewe. Na usiku mfungie mbwa ndani ya boma, asitembee ovyo barabarani.

Sasa turudi kwa Simba. Siku ya tatu alikufa. Mama jirani alitaka azikwe nyuma ya nyumba, mambo yaishe. Lakini binti yake mkubwa, wa darasa la saba, alikuwa amefundishwa shuleni. Alikataa katakata mpaka daktari wa mifugo akaitwa. Majibu yalirudi kutoka maabara: kichaa cha mbwa. Usiku uleule watu watano, yaani mama, watoto watatu na yule mzee, walikuwa njiani kwenda hospitali. Mzee alipinga, akasema kidole kimeshapona. Alisindikizwa na wanawe. Wote walimaliza sindano zao, na wote wako hai. Mzee bado anakanda watu walioteguka, ila akiletewa mbwa husema, "Huyo mpelekeeni daktari."

Kwa hivyo, mpenzi msikilizaji, ukimwona mbwa wako anaburuta miguu, usiharakishe kuushika mgongo wake. Shika kwanza mikono ya watoto wako, uwaondoe.

TUKUMBUKE

Mbwa anayeburuta miguu si lazima awe ameteguka; anaweza kuwa na kichaa.
Asivutwe wala kukandwa kabla daktari wa mifugo hajampima.
Watoto wakae mbali, na mkono usitiwe mdomoni mwa mbwa.
Dawa za binadamu asipewe mbwa wala paka.
Ukiumwa, osha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.
Chanja mbwa na paka kila mwaka, na uweke cheti mahali salama.

Mwambie na jirani yako uliyoyasikia leo. Nakutakia afya njema wewe na wote walio nyumbani mwako, wenye miguu miwili na wenye miguu minne.